Aliyebaki Ng'ambo ya Mto Bulolwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji pamoja na wajumbe wako. Mzee Magesa, mtemi wa sungusungu, na makamanda wako wote. Baba Paroko, na wewe Shehe wetu uliyefika mapema kuliko sisi sote. Viongozi wa Jumuiya ya Watumia Maji ya Mto Bulolwa. Wakuu wangu na wenzangu wa idara mliotoka Geita na Mwanza. Wenye makarasha ya kusagia mawe na wenye mialo ya kuoshea dhahabu. Ndugu zangu wanaapolo, wachimbaji wetu wadogo, mliofika wenyewe na mliotuma wawakilishi kwa sababu mko zamu duarani, ndani ya mashimo ya dhahabu. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemruka basi anisamehe, miwani yangu ni ya kutazamia vitu vidogo.

Mshereheshaji amenipa dakika kumi, akaniomba pia nisiguse mambo mazito kwa kuwa pilau imeshaiva. Hilo la dakika nimelikubali. Hilo la pili nimemwambia tutaona.

Wasifu wangu umesomwa hapa kwa heshima kubwa: mtoto wa Ushirombo, nikasomeshwa na masista, nikaenda chuo Morogoro, nikaajiriwa na ofisi ya maji ya bonde, nikapanda cheo, nikapanda tena, na leo natunukiwa cheti. Nilivyokaa pale mbele nimekunja mikono na watu wamenyamaza, nilijiona kama marehemu anayesikiliza msiba wake. Lakini katika yote yaliyosomwa, hakuna aliyesema kazi yangu hasa ilikuwa nini. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa faida yako uliyehamia wilayani juzi, mimi Mektilda kazi yangu ilikuwa kukamata wadudu.

Afya ya mto haijulikani kwa kuutazama ukiwa darajani. Maji maangavu yanaweza kuwa na sumu, na maji ya tope la masika yakawa salama kabisa kwa viumbe vyake. Kwa hiyo tunaingia mtoni na wavu, tunavuruga mawe kwa miguu, waliojificha chini wanaibuka na kunaswa, tunawamwaga kwenye sinia jeupe, kisha tunauliza: nani anaishi hapa? Yuko mdudu mdogo mwenye mikia mitatu, mchaguzi kupita kiasi. Maji yakibadilika kidogo tu, anatoweka. Ukimkuta huyo, mto unapata alama kubwa. Yuko mtoto wa kereng'ende, huyo hana makuu, anavumilia vumilia. Na yuko funza mwekundu wa matope, ambaye hata mtaro wa machinjio kwake ni nyumbani, hivyo alama yake ni ndogo. Unajumlisha alama, unaupa mto daraja, kama mwalimu anavyompa mwanafunzi.

Lakini daraja hilo halina maana kama huna pa kulinganishia. Lazima katika mto huohuo kuwe na kipande ambacho hakijaguswa, chenye miti yake na mawe yake na kivuli chake, ili useme: mto huu ulipaswa kuwa hivi, sasa uko vile. Utasemaje mtoto amekonda ikiwa hujawahi kumwona mtoto aliyeshiba? Naomba mlishike jambo hilo, kwa sababu ndilo lililotuleta hapa tulipo.

Kazi yenyewe ilinipa jina. Hapa kwetu mwanamke akishakomaa haitwi jina lake, anaitwa Mama fulani, kwa jina la mtoto wake. Mimi sina mtoto. Watu walihangaika, mara Dada, mara Madamu, mara Afisa, hadi watoto wa shule wakatatua tatizo wenyewe, wakaniita Mama Wadudu. Nilikasirika mwaka mzima. Baadaye nikawa naitika nikiwa mbali, na siku moja kule Katoro mwendesha bodaboda aliponiita Madamu Mektilda nikageuka kutazama anamwita nani.

Sasa niwakumbushe tulivyoanza. Mzee Magesa anacheka, ameshajua ninakoelekea. Miaka ile ya mwanzo nilichagua sehemu nzuri kando ya Bulolwa, kila moja na mawe safi na miti yake. Nikaja kupima. Fikirini mlichokiona ninyi: mwanamke wa serikali ameshuka kwenye gari lenye namba za serikali, amevaa viatu vya mpira hadi magotini, ameingia mtoni, anavuruga changarawe, anachota, anamwaga kwenye sinia, anainama na kioo cha kukuzia, halafu anatabasamu. Katika ukanda huu wa dhahabu, nani angesema anatafuta wadudu? Hata mimi nisingesema.

Niliporudi kiangazi kilichofuata sikuikuta sehemu ya kwanza. Palikuwa na mashimo, magunia, na mialo miwili ya kuoshea dhahabu. Nikasema bahati mbaya, nikahamia sehemu nyingine. Niliporudi, nayo imechimbwa. Nikahama tena. Kijana mmoja, Mageni, naye yupo hapa na tumbo lake la utajiri, alinifuata hadi kwenye gari akaninong'oneza, "Mama, leo umetabasamu upande wa kulia au wa kushoto?" Sikumwelewa hadi mwenzake aliponieleza. Mlikuwa mnachimba kila mahali nilipotabasamu. Na ubaya wake, mara moja moja mlipata! Ndugu zangu, niliwaapia kwa Bikira Maria kwamba mimi sijui dhahabu iko wapi, na kadiri nilivyoapa ndivyo mlivyozidi kuamini kwamba nailinda ya wakubwa.

Hivyo ndivyo Bulolwa ulivyopoteza sehemu zake nzuri moja baada ya nyingine. Ikabaki moja tu, ng'ambo ya kule, ndani ya ngitiri ya Limi. Mheshimiwa, ngitiri ni malisho yaliyofungwa ili nyasi na miti vipumzike. Wazee wa Kisukuma walikuwa nayo kabla ya sisi wataalamu kuwaletea semina. Ya Limi inashuka hadi mtoni. Pale vijana walifika na sululu kama kwingine, naye akawatoa kwa fimbo ya kuchungia.

Siku yangu ya kwanza aliniangalia kutoka ukingoni muda mrefu, halafu akauliza, "We mwanamke, unavua samaki gani?"

"Si samaki, mama. Ni wadudu."

"Wa nini?"

"Wa kuhesabu."

Akafikiri. "Kwani serikali imeshamaliza kuhesabu watu?"

Nilicheka hadi nikaacha wavu ukachukuliwa na maji, na yeye, mama mtu mzima, akaukimbilia chini kule akaukamata kwa fimbo. Basi tukawa marafiki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nitasema jambo ambalo wastaafu hawalisemi wakiwa wamevaa vizuri. Katika kazi hii nilikuwa mpweke. Nililala nyumba za wageni za Katoro, muziki upande huu na muziki upande ule, nikila sato peke yangu kwenye meza ya watu wanne, huku wanaume wakinifuata kuniuliza bei ya gramu. Nilikuwa na mchumba Ushirombo, Stanslaus, mtu mpole sana, aliyenisubiri kiangazi hadi kiangazi kwa sababu mimi kila kiangazi nilikuwa mtoni. Mwishowe akanipigia simu na upole wake uleule kunialika kwenye harusi yake. Nilichanga. Sikwenda, mto ulikuwa umeshuka na ndiyo wakati wa kupima. Kazi inapendwa na mimi niliipenda, lakini mto hauulizi umeamkaje. Aliyeniuliza ni Limi.

Na yeye alikuwa na sababu ya kuwa mpole kwa mtu asiye na mtoto. Wenye umri mnalikumbuka duara lililoporomoka na Kamili, mwanawe wa pekee, akiwa chini. Mlimchimbua kwa mikono, ninyi wanaapolo, mvua inanyesha na ukuta unaendelea kumeguka, mkamtoa ili mama yake apate wa kumzika. Limi hajawahi kulisahau hilo, na kwangu hajawahi kumtaja mchimbaji yeyote kwa ubaya. Akamlaza Kamili ndani ya ngitiri, karibu na maji, penye kivuli. Watu walipokuja na sululu, jibu lake halikuwa la mazingira wala la sera. Aliwaambia, "Hapa nimelaza mtoto. Nendeni mkachimbe pengine."

Kisha ukaja mwaka ule. Nilipima juu ya mialo, nikapima chini ya mialo, nikalinganisha na kwa Limi. Kwa Limi sinia lilijaa mikia mitatu. Chini ya mialo nilipata funza mwekundu, na chini zaidi, mahali marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, yalipomwagwa mtoni pamoja na zebaki yake, sinia lilibaki jeupe. Niliandika nilichokiona. Amri ikatoka juu, mialo yote ya ukingoni ikafungwa kiangazi kizima.

Sisemi hasira zenu hazikuwa na msingi. Mageni aliuza pampu yake. Kuna watoto waliokaa nyumbani bila shule. Kuna akina mama waliokuwa wakiuza chai na maandazi mialoni wakarudi na masufuria yao matupu, na maji ya mto yalikuwa hayajaanza hata kutakata ili waone faida. Mliitisha mkutano, na katika mkutano ule mtu mmoja alisimama akasema, "Ngitiri ya yule mama isingekuwepo, wangelinganisha na nini?" Ndugu zangu, nimekaa semina za Mwanza, nimekaa za Arusha zenye chai ya maziwa na vitafunwa, na nasema kama mtaalamu: hiyo ndiyo hoja sahihi kuliko zote nilizowahi kuzisikia kuhusu upimaji wa mito. Aliyeitoa alinielewa kuliko wakubwa wangu. Bila kwa Limi, mto wote ungekuwa sawasawa, mbovu kuanzia juu hadi chini, na ubovu ungeitwa kawaida.

Kwa hoja hiyo mkamtenga.

Mheshimiwa, huenda ulikotoka hamna jambo hili, kwa hiyo nieleze. Mtu aliyetengwa hasalimiwi. Hapewi moto, hauziwi chumvi, hasagiwi mahindi mashineni. Akifiwa analia peke yake, na akifa yeye, sijui. Anayevunja amri akamsalimia, naye anatengwa. Hakuna anayempiga wala anayemtukana. Anapita njiani na watu wanageuza macho pembeni, taratibu, kama anayetazama mvua inatokea wapi. Limi alikuwa anatembea hadi kituo cha lami apande basi kwenda Katoro kununua chumvi kwa watu wasiomjua, na alinieleza kwamba kondakta alipomwambia "shikamoo bibi, sogea nyuma", alikaa kiti cha nyuma akilia kwa furaha hadi abiria wakadhani anakwenda msibani.

Na liko jambo moja ambalo, naamini, hamkulifikiria mlipopiga kura. Yeye ni Mama Kamili. Kamili hana mke aliyeachwa, hana mtoto, jina lake halipo popote isipokuwa midomoni mwa watu wanapomwita mama yake. Mlipoacha kumwita yeye, Kamili naye hakuitwa tena. Limi alinieleza hivyo siku moja akiwa anakamua, bila kunitazama. Akasema, "Mimi nimezoea. Mtoto ndiye namwonea huruma."

Nikija kupima alikuwa anazungumza tangu nishuke kwenye gari hadi nipande. Nikichelewa, siku hizo mvua ikikata njia, nilimkuta sauti imekauka kwa kutotumika, anakohoa kwanza ndipo maneno yanatoka. Na swali lake lilikuwa moja: habari za kijijini. Nani amezaa, nani ameoza binti, mguu wa mzee fulani umepona? Nyumba za kijiji anaziona kwa macho akiwa mlangoni kwake, moshi wa mapishi yenu unamfikia, lakini habari zenu alizisikia kutoka kwa mtu wa Ushirombo. Basi nikawa kabla ya kuvuka mto napita dukani kwa Serafina kununua soda nisiyoihitaji. Serafina, sikutaji kwa ubaya, kaa. Mwanzoni ulinipa chenji tu. Baadaye ukaanza kunieleza habari, taratibu, kwa sauti, na za muhimu ukizirudia. Ulipopata mjukuu ulinieleza uzito wake aliozaliwa nao. Hukuniuliza ninazipeleka wapi, nami sikukuambia, na wateja waliokuwa wamesimama pale nao walikuwa wakikusahihisha ukikosea. Ndipo nikajua kwamba mnamkumbuka, ila kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze.

Nirudi kwenye kazi, maana Mkuu wa Idara anatazama saa. Mialo ilifunguliwa, ikahamishwa mbali na ukingo, mkachimba mabwawa ya kutuamishia tope, na kwa hilo nawavulia kofia kwa sababu mlichimba wenyewe kabla ruzuku haijafika. Mto ulianza kupata nafuu, polepole mno. Na kiangazi kilichopita, hapa hapa darajani, kwenye mawe niliyoyapima kwa miaka bila kupata chochote chenye maana, nilimwaga sinia nikamwona. Mikia mitatu. Nilipiga kelele. Waliokuwa wanafua walidhani nimeumwa na nyoka.

Sasa niwaulize, na mnijibu moyoni: mdudu yule alitoka wapi? Wadudu hawauzwi gulioni Katoro. Hakuna mfadhili anayeleta wadudu. Mto ukifa sehemu kubwa, hauwezi kujizaa upya kutoka pale ulipofia. Unasubiri wale waliosalia mahali fulani juu huko, wanaozaana, wanaozidi, wanaoachilia jiwe na kubebwa na mkondo usiku na mchana hadi watue mahali pengine wakakuta panakalika. Bulolwa una mahali pamoja tu pa namna hiyo. Wadudu wote wazuri ninaowapata leo darajani wameshuka kutoka kwa Limi. Na maji mnayochota pale kivukoni, mkipanga ndoo alfajiri kwa sababu visima vyenu vimeingia chumvi, yametoka wapi kama si kwake? Mnapita mkabala na mlango wake mna ndoo kichwani. Anawaona. Anawajua wote kwa mwendo.

Tumezindua leo kifaa kipya. Mheshimiwa umekata utepe vizuri. Kifaa kile kinapima uchachu wa maji, tope lake na joto lake, na kinatuma majibu Mwanza kwa laini ya simu kila saa bila kulipwa posho. Nafasi yangu haitajazwa, nimeelezwa hivyo kwa barua nzuri. Sikionei wivu. Basi, nakionea kidogo. Kifaa hakijui wadudu, lakini hilo wataalamu vijana watalirekebisha. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba kifaa kimefungwa darajani. Hakivuki mto. Hakitakuwa na sababu ya kwenda kwa Limi, na mimi ndiye niliyekuwa mtu pekee mwenye sababu. Nikiondoka leo na gari la idara, kama ilivyopangwa, kesho hakuna mtu duniani atakayemwambia yule mama habari za asubuhi.

Mmenipa mtamba mzuri kama zawadi. Nashukuru sana, kwa sisi watu wa huku hakuna zawadi kubwa zaidi. Mzee Magesa, jana jioni ulinivuta pembeni ukaniambia kwa nia njema, na nalisema hadharani kwa kuwa ni sifa kwako, kwamba sheria ina mlango: aliyetengwa akitoa ng'ombe, kijiji kikala, anarudi. Ukaniambia mtamba yule ni wangu, nimfanye nipendavyo. Nilikuelewa. Nikavuka mto jioni ileile nikamwambia Limi, nimepata ng'ombe, nakulipia.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nikitoa ng'ombe nimekubali nilikosa. Nilikosa nini, Mektilda? Kumlaza mwanangu penye kivuli?" Nikambembeleza. Nikamwambia mimi naondoka, utabaki na nani? Akasema, "Nitabaki na wadudu wako. Ng'ombe mpeleke kwenu akuzalie."

Ni mkaidi. Wote mnajua ni mkaidi, na ukaidi huohuo ndio unaotunywesha maji.

Kwa hiyo, Mzee Magesa, faini haitatoka. Leo nilimwandikia kadi ya mwaliko kutoka ofisini, ili asije mtu akasema amejileta, naye amekuja. Yule pale, benchi la mwisho karibu na jenereta, amejifunga kanga mpya. Benchi lile linachukua watu sita. Nimeona watu wamesimama juani kando yake saa zote hizi za sherehe.

Siwezi kuwaamuru. Sheria yenu ni ya zamani kuliko ofisi yangu, na imewalindia ng'ombe miaka ambayo serikali ilikuwa mbali. Ila naomba niulize jambo la kisheria. Mlipomtenga, mtu aliuliza mkutanoni, na huyu Mama Wadudu anayekwenda kwake je? Wewe mtemi ukajibu, "Yule ni serikali. Serikali haitengwi." Nimeishi kwa hukumu hiyo, nimesalimia na kusalimiwa ng'ambo zote mbili za mto. Lakini Mgeni Rasmi amenikabidhi cheti sasa hivi, mmeona kwa macho yenu na mmepiga picha. Mimi si serikali tena. Ni mwanamke wa Ushirombo mwenye nyumba iliyofungwa kufuli ambayo hakuna anayenisubiri ndani yake.

Nimeomba chumba kwa Limi. Amekubali, kwa sharti kwamba nisijaze nyumba yake mitungi ya wadudu. Dereva, samahani, utarudi Mwanza peke yako; mizigo yangu iko ukingoni tangu asubuhi. Wakubwa wangu wa meza kuu, msiniwekee sahani huku. Nikishuka hapa nakwenda kukaa benchi lile, na kabla sijashuka, kwa kuwa kipaza sauti hiki kinafika hadi ng'ambo, naomba nimsalimie jirani yangu.

Mama Kamili, shikamoo!

Mmeisikia hiyo marahaba? Wapo watoto hapa ambao hawakuwahi kuisikia sauti yake.

Basi, Mzee Magesa, nimevunja amri nikiwa raia, mbele ya Mheshimiwa, mbele ya Paroko na Shehe, mashahidi mnao wa kutosha. Mkutano wenu una kazi sasa: ama mtutenge wawili, ama mje mkae, nafasi zipo nne. Nawashukuru wote mlionilea katika mto huu, mlionicheka na mlionisaidia kubeba sinia. Wabeja sana, na asanteni kwa kunisikiliza hadi hapa. Mageni, nisogezee kamba ya hema nipite.